Monsenyeri, Paka wa Papa Wenceslas, na Bakuli Lisilokauka

Familia yote ya Papa Wenceslas, ya hapa Kisangani na ya Butembo, kwa moyo mzito na kichwa kilichoinama, inawatangazia waamini, majirani, wateja wa duka na wenye mamlaka wa kila upande wa mstari wa vita kwamba mwaka umetimia tangu ulipotuacha, ewe Monsenyeri, mzee wetu, nguzo ya nyumba, mtu wa watu.

Mtu, hapo tumekosea. Ulikuwa paka.

Lakini paka wa miaka kumi na saba, mwenye kola nyeupe shingoni iliyokupa jina. Papa alikuokota kwenye barabara ya Bengamisa, ndani ya gunia la mpunga, kabla hajaoa. Mama Adeline husema kwamba siku alipoletwa akiwa bibi arusi alikukuta umelala katikati ya kitanda, nawe hukusogea.

Mwaka wa pili wa vita Papa alikwenda Butembo kununua maharagwe, na barabara ikafungwa nyuma yake. Barua yake ilitufikia baada ya miezi mitano, imekunjwa ndani ya kiatu cha mfanyabiashara mwenzake. Baada ya salamu za kila mmoja wetu iliishia hivi: "Na ule muzee wangu wa kola, mumuchunge. Nimukute muzima."

Koko Katungu, mama yake Papa, aliisikiliza hadi mwisho, kisha akasema mezani: "Huyu paka akikufa, Wenceslas hatarudia." Kuanzia siku hiyo uhai wako na kurudi kwa Papa vikawa kitu kimoja.

Nawe, badala ya kutusaidia, ukaacha kunywa.

Bomba lilikuwa limekauka. Maji tuliyachota katika mto Tshopo kwa bidoni za plastiki, nawe uliyanusa ukageuza uso kama padri aliyepewa chai isiyo na sukari. Ukakonda. Mama Olga, muuza samaki wa Yanonge, ambaye amelea paka wa mitumbwi maisha yake yote, alikuvuta ngozi ya mgongo kwa vidole viwili. Ikabaki imesimama kama hema.

"Iko mukavu," alisema. "Paka muzee hasikiake kiu, Mama Adeline. Usimungojee akunywe. Maji muipitishe ndani ya chakula."

"Nyama nitatoa wapi, na hii vita?"

"Nani amesema nyama? Vichwa vya samaki ya ngolo, vile watu wanatupa. Chemsha na maji mingi, bila chumvi."

Chumvi haikuwepo mjini. Kwa mara ya kwanza tangu vita vianze, tulikuwa na kila kitu tulichoagizwa.

Mchuzi wa samaki ukapozwa, ukawekwa kwenye sahani pana ili sharubu zako zisiguse ukingo, sahani moja sebuleni, nyingine chini ya kitanda cha Koko. Ulilamba mara mbili, kwa heshima ya mpishi. Kisha ukapanda meza ndogo iliyo chini ya picha ya Bikira Maria, ukanywa maji matakatifu.

Maji hayo Koko huyaleta kila mkesha wa Pasaka katika chupa moja, na chupa hiyo sharti ifike Pasaka nyingine. Humimina kidogo kidogo katika bakuli jeupe, na hakuna anayetoka nyumbani bila kuchovya kidole. Wewe ulipenda bakuli lile peke yake, na ulilikomba.

Mtoto mmoja wa nyumba hii, ambaye jina lake halina umuhimu, na ambaye alikuwa amerudishwa kutoka bweni la masista kwa sababu ya vita tu (mengine yanayosemwa ni uvumi), alipima mambo. Koko akikuta bakuli tupu atajua ni wewe, atakufukuza. Ukifukuzwa utakauka. Ukikauka, Papa. Basi asubuhi na jioni mtoto huyo alijaza bakuli kwa mchuzi wa ngolo, aliouchuja kwa kitambaa na kuuongeza maji hadi ukang'aa kama machozi.

Ukanywa. Ngozi ya mgongo ikaanza kurudi mahali pake.

Shida ni kwamba siku kumi Koko hakugusa chupa, na bakuli likawa limejaa tu. Akawaambia akina mama wa rozari kwamba ni muujiza. Wakaja kumi na mmoja, wakapanga mstari, wakachovya, wakafanya ishara ya msalaba. Nyuma yao Tonton Sylvain, kaka yake Mama, alinusa kidole chake.

"Koko, hii maji inanuka samaki."

"Petro alikuwa nani?" Koko akauliza bila kugeuka.

"Muvuvi."

"Alors?"

Tonton akachovya tena.

Nawe ulipita katikati ya akina mama waliopiga magoti, ukawanusa paji la uso mmoja mmoja. Mama Claudine, mmoja wao, alisema umewabariki.

Papa alirudi baada ya mwaka na nusu, kwa miguu, na ndevu ambazo hatukuzijua. Sisi tulisimama mlangoni tukimtazama kama mgeni. Wewe ulishuka polepole kwenye gunia ulilozoea kulalia, ukaenda ukalala juu ya viatu vyake.

"Muzee," alisema, "kumbe uko." Akaketi chini palepale.

Ulikaa naye miezi minne zaidi. Ukafa asubuhi, juani, tumbo limejaa mchuzi.

Tangazo lilipaswa kuishia hapa. Lakini Koko ametaka asomewe kabla halijabandikwa mlangoni mwa duka, na sasa amesimama nyuma ya kiti changu.

"Huyo mutoto," ameuliza, "alichuja muchuzi na kitambaa gani?"

Kilikuwa kitambaa cha kichwa cha Koko mwenyewe, kile cha misa.

"Vicky."

"Ndiyo, Koko."

"Andika jina."

Ni mimi, Vicky. Akina mama walipokuwa wakijipaka ngolo kwenye paji la uso, nilikuwa nyuma ya pazia nimeuma mkono wa blauzi nisicheke. Lakini sikuanza kwa mzaha. Niliogopa Papa asirudi.

Papa ameshika ukuta kwa kucheka. Koko hacheki. Jumapili nitakwenda kuwaeleza akina mama wa rozari, nyumba kwa nyumba, zote kumi na moja.

"Na hii uandike," amesema. "Paka kupona, ile ni muchuzi. Wenceslas kurudia, ile si muchuzi."

Wanaokukumbuka: Papa Wenceslas, Mama Adeline, Koko Katungu, Tonton Sylvain, Mama Olga wa vichwa vya samaki, na Vicky, ambaye bado anafua kitambaa. Maadamu bakuli lipo mezani, Monsenyeri, hatutakusahau.