Nilivuka Upande wa Wagika

Baba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini siwezi kukuambia jambo hili bila kukuamkia kwanza.

Jumamosi nilikwenda kwenye tamasha la ngoma kijijini kwetu, kule mbele ya Mhunze. Ndilo la kwanza tangu tukuzike. Nilitoka Ngokolo alfajiri, nimejifunga kile kitenge cha kijani ulichoninunulia, najiona mtoto mwema kabisa. Nilikuwa nakwenda kumtia moyo Masanja. Hili hulijui: mwanao wa mwisho ameacha kuchimba kwenye duara la dhahabu Mwakitolyo, amerudi nyumbani kuongoza ngoma yako. Wachezaji wako walikaa wakabishana, wakamwambia watamjaribu msimu huu mmoja. Akishindwa, watatafuta manju mwingine wa kuwaimbisha. Nisikufiche, wengine walishaanza kunong'ona kwamba mchimba mashimo atajulia wapi ngoma.

Sheria za uwanja ule ulinifundisha mwenyewe. Sisi Wagalu tunacheza huku, wapinzani wetu Wagika wanacheza kule, kwa wakati mmoja, na hakuna jaji. Watu ndio wanaoamua kwa miguu yao, na upande uliojaa ndio umeshinda. Na mtoto wa manju hahami. Jua liwake, kiu ikabe, sisi tulisimama kwako mpaka mwisho. Tulipokuwa wadogo Mama alikuwa anatuletea hadi viazi palepale, ili tusipate kisingizio cha kuondoka.

Masanja alianza vizuri. Sauti yake ni yako, Baba, ilinitoa machozi. Ila aliimba nyimbo zako zote kwa mpangilio wako, hakuthubutu kuongeza neno, hata ule wimbo wa bei ya pamba ya miaka ile. Alikuwa kama mtu aliyeazima baiskeli ya watu, anaogopa kuikwaruza. Wachezaji walijituma, vumbi likatimka, lakini watu wakaanza kupiga miayo. Mmoja mmoja wakawa wanaondoka.

Kule ng'ambo kikalipuka kicheko. Nikavumilia. Kikalipuka kingine, kikubwa zaidi. Nikajiambia nachungulia tu mara moja, narudi.

Kumbe manju wao kaleta ng'ombe dume, kamvisha koti la suti na miwani ya jua, anamtambulisha kama bwana harusi aliyekuja ukweni. Anamsifia: hanywi pombe, halali nje, hana simu. Wachezaji waliojifanya wakwe wakasogea wamkague vizuri kwa nyuma, na hapohapo bwana harusi akainua mkia akawanyia. Baba, nilicheka. Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye vumbi na kitenge chako, nimeshika mbavu. Sikuwa nimecheka hivyo tangu ufe, na kwa muda ule nilisahau kabisa kwamba umekufa. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Nilipogeuka, nyuma yangu palikuwa pamejaa. Mama mmoja alikuwa anamwambia mwenzake, "Hata Kabula, binti wa marehemu, kahamia huku. Sisi tunangoja nini?" Ndipo nikaelewa. Watu walikuwa wananiangalia mimi. Nilipovuka, nao wakavuka. Upande wetu walibaki wachezaji wenyewe na wazee wachache ambao nadhani walichoka tu kuinuka.

Jioni nilimkuta Masanja anafuta vumbi ngoma yako. Nilitegemea anitukane, na ingekuwa nafuu. Aliniuliza tu, "Dada, uliusikia ule wimbo?"

Nikamuuliza upi. Akasema aliponiona naondoka aliachana na nyimbo zako, akatunga wa kwake palepale, ananitaja jina, ananiomba nirudi. Wachezaji wanasema hakuimba kingine kizuri kama kile siku ile. Mimi sikusikia hata neno moja. Nilimwomba aniimbie tena, akasema ameusahau. Simwamini, lakini sina mdomo wa kumlazimisha.

Nusu ya wachezaji wameshaondoka kwenye kundi. Waliobaki wanasema wamebaki kwa ajili ya wimbo huo.

Nisamehe, Baba. Nimeshamwomba Masanja msamaha na amesema yameisha, lakini ananisalimia kwa adabu siku hizi, kama mgeni, na wewe unajua alivyokuwa ananitania.

Lala salama. Siwezi kukuahidi kwamba sitacheka tena. Nadhani hata wewe ungecheka, ingawa ungekataa mbele ya watu. Ninachokuahidi ni hiki: Masanja akiingia tena uwanjani, nitasimama upande wake tangu mwanzo, na wote wakihama nitabaki mimi, ili asiimbe bila mtu wa kumsikia.

Mwanao,
Kabula