Kijisanduku cha Mpingo

Mjukuu wangu Rukia,

Huku Mji wa Kale sote tu wazima, alhamdulillahi. Mamako ameshahamia Ganjoni na kikohozi kimempungua.

Wauliza utajuaje kama kijisanduku alichokupa mchumba wako ni cha mpingo kweli. Mimi pia niliposwa na seremala, akaniletea kijisanduku cheusi cha nakshi. "Mpingo mtupu," akasema. Nilipokishika nikakiona chepesi mno, na mpingo ni mzito kama jiwe. Nikakisugua chini kwa kitambaa chenye mafuta ya nazi. Kitambaa kikatoka cheusi: rangi ya viatu! Nikamrudishia, na mama nikamwambia posa hiyo siitaki.

Baada ya siku chache alirudi. Alikuwa amekipiga msasa mpaka mti wenyewe ukaonekana, wa manjano.

"Ni mwembe," akasema. "Niliogopa ungekidharau."

Nikakigeuza, nikatafuta msumari, nisiuone hata mmoja. Mbao zilikuwa zimeumana kwa meno ya kuchonga tu, barabara. Nikamwita mama aje amsikilize. Huyo ndiye babu yako.

Wewe sugua chako, mwanangu. Kitambaa kikiwa cheusi, muulize, kisha umtazame anavyokujibu.

Nyanya yako