Disketi Mama

Jumatatu, 3 Machi 1997
Nimefuta vumbi kwenye kompyuta, nimenakili disketi. Kazi ileile. Deo wa Mahenge ameleta rekebisho kwa gari la wagonjwa: sasa programu yetu ya kumbukumbu za wagonjwa inamtafuta mgonjwa wa kifua kikuu kwa jina la balozi wake wa nyumba kumi. Safi sana. Watu wetu wakihamia shamba miezi mitano, utawatafuta wapi? Lakini siliingizi kwenye disketi mama, ile ambayo wote wananakili kwayo, mpaka Jumatano, tukubaliane wote kwenye simu ya upepo: mimi Ifakara, Deo Mahenge, Sista Benedikta Kidatu. Programu tumeiandika wenyewe, kila mtu na kiraka chake. Haina mwenyewe. Mimi naitunza tu.

Mchana lori limeshusha kompyuta nne mpya. Zawadi ya kampuni moja ya Dar. Nimesaini.

Jumanne, 4 Machi
Mjinga mimi! Hapa hospitalini kitu kikishuka kwenye gari, aliye karibu na mlango anasaini. Saruji, glovu, maharage. Hakuna anayesoma. Nami nikasaini kama nasainia saruji. Leo ndiyo nimesoma nakala ya hati. Programu inakuwa mali ya kampuni. Kampuni peke yake ndiyo itaibadilisha, na itafanya kazi kwenye mashine za kampuni tu. Chini jina langu, mtunzaji, na mhuri.

Sijamwambia mtu.

Jumatano, 5 Machi
Simu ya upepo. Rekebisho la Deo limepita. Kisha akauliza, "Dada Skola, mama yuko salama?" Ndivyo anavyoiita disketi. Nikasema yuko salama. Nimewadanganya wenzangu.

Ijumaa, 7 Machi
Bwana wa kampuni amekuja mwenyewe. Tai, manukato, viatu vimejaa tope la barabara ya Kiberege. Ameweka nakala ya programu kwenye mashine mpya, akaifunga isisome disketi za nje. Disketi ya wagonjwa wa Mahenge ikagoma kufunguka. Nikauliza wenzetu watafanyaje. Eti watanunua mashine zake! Mganga mkuu akacheka naye. Disketi mama nimkabidhi Jumatatu. Nilipofungua mdomo, mganga mkuu akanitazama: "Skolastika, kazi ni adimu siku hizi."

Nina watoto watatu. Baba yao tulimzika mwaka juzi. Naogopa jamani.

Jumapili, 9 Machi
Misa. Sikukomunika. Mama mkwe akauliza kama naumwa, nikasema malaria. Uongo juu ya uongo.

Jumatatu, 10 Machi
Nimewaita wenzangu asubuhi, siku isiyo yetu. Simu ya upepo haina siri, bonde zima linasikia, mpaka polisi. Nikasema yote. Nimesaini. Nimewadanganya. Kisha Sista: "Mficha maradhi kifo humuumbua. Afadhali umesema, mwanangu. Usimpe."

Disketi nikaifutika kiunoni ndani ya kanga. Yule bwana aliponidai, nikamwambia si yangu kuitoa, ni ya watatu. Sauti ilinitoka nyembamba kama ya mbuzi. Mganga mkuu akasema kesho nisije.

Jumanne, 11 Machi
Nimekwenda hivyohivyo. Nikakuta mama mmoja wa Michenga kaletwa, anakohoa damu. Dawa alianzia Mahenge. Mganga mkuu yuko kwenye mashine mpya, anataka kujua alipewa dawa gani na aliacha lini. Mashine imegoma disketi ya Mahenge. Anabonyeza, anabonyeza. Jasho.

Sikuamkia hata. Nikawasha kompyuta yetu ya zamani, nikaingiza disketi ileile. Akapatikana.

Mganga mkuu alisoma juu ya bega langu. Radhi hakuomba, si kawaida yake. Akatoka kumwambia yule bwana kwamba saini ya karani mmoja haiwafungi watu watatu, apakie mashine zake. Nimekwenda chooni nikalia.

Jumatano, 12 Machi
Sista amependekeza disketi mama itunzwe Mahenge, kwa kuwa mimi nilisaini nikaficha. Kidatu inakubali. Deo akasema Mahenge nayo inakubali. "Ifakara?"

Mmoja akikataa, jambo halipiti. Ndivyo tulivyopanga wenyewe. Nikashika kibonyezo cha simu. Miaka minne nimeitunza.

Nikasema Ifakara inakubali.

Disketi nimeifunga kwenye mfuko wa nailoni, mvua ni nyingi, nikampa dereva wa gari la wagonjwa. Deo atanitumia nakala, kama wengine.