Hesabu ya Mtoto wa Pili

Jumapili, 12 Januari
Nimepiga pasi sare za Kendi. Shule kesho. Baada ya chakula mimi na Munene tulikaa tukapiga hesabu ya mtoto wa pili. Nepi, kliniki, yaya, kisha karo mpaka kidato cha nne. Inatisha. Kodi ya hapa mtaa wa Dallas, Embu, tu inameza nusu ya mshahara wangu. Nikaondoa saluni. Nikaondoa kozi ya jioni niliyoitamani miaka. Munene akasema tukijibana tutaweza. Nimefurahi sana. Nina miaka thelathini na minane, sina muda wa kuchezea.

Jumamosi, 7 Juni
Bado. Leo tulikuwa Nkubu kwa mama mkwe. Alisema mbele ya majirani kwamba maisha ya mjini yameniharibu tumbo. Akanipa chupa ya mizizi iliyochemshwa. Munene alikuwa anakunywa chai. Aliendelea kunywa. Dawa nimeimeza yote. Nimetapika njiani mpaka tukafika Embu.

Jumatano, 20 Agosti
Daktari anasema sina shida yoyote. Sasa anataka kumpima Munene. Nilimwambia jioni, akasema ana kazi nyingi. Nikasema ni asubuhi moja tu. Akaacha chakula, akatoka nje. Naogopa. Labda anaumwa na ananificha.

Alhamisi, 21 Agosti
Haumwi. Alifunga uzazi.

Kendi alikuwa na mwaka mmoja. Aliniambia anaenda Meru kikazi, kumbe alienda hospitali. Alikuwa amepiga hesabu peke yake akaona mtoto mmoja anatosha.

Nilimuuliza, "Na Januari tulikuwa tunampigia nani hesabu?"

"Nilidhani ukiona gharama utachoka kutaka."

Sikulia. Huenda hesabu yake ni sawa. Huenda hata mimi ningekubali. Hakuniuliza. Aliniacha ninywe mizizi.

Jumamosi, 23 Agosti
Nalala chumbani kwa Kendi. Munene simtaki hata kumwona. Nilimwambia ampigie mamake, amweleze mwenyewe, nikisikia. Akasema mwanamume hamwambii mamake mambo kama hayo. Nikapiga mimi, nikamshikisha simu. Alieleza kwa Kimeru, sauti ya chini kama ya mtoto aliyevunja kitu. Kisha mama akakata.

Jumapili, 31 Agosti
Hatujaenda kanisani. Mvua ya manyunyu.

Mama mkwe amekuja kutoka Nkubu bila kutuarifu, na mkungu wa ndizi mbichi. Munene alisimama kumsalimia. Mama alimpita, akaja jikoni.

"Sogea, Mama Kendi," alisema, akaketi kando yangu.

Alimimina mafuta kiganjani, akanishika mikono, akanipaka kidole kimoja kimoja ili utomvu usinigande. Alichukua muda wake. Halafu tukaanza kumenya.