Ijumaa Mume Wangu Alilala Wapi

Jumamosi, 1 Mei 1999
Nimeanika muhogo, nimefua. Saa sita mume wangu amerudi hapa Baraka kwa mtumbwi kutoka Mboko, na ndakala kavu, dagaa wa ziwa letu. Eti jana aliingia ziwani na wavuvi, wakavua kwa taa hadi asubuhi. Nimemcheka. Mtu wa milima ya Fizi, hata kuogelea hajui.

Tulikuwa bado tunakula, habari ikaja. Kaka yangu, chefu wa kijiji, amepigwa risasi jana jioni, barabara ya Swima. Amekufa palepale.

Jumapili, 2 Mei
Matangani. Wanasema wauaji walikuwa wanamvizia. Nani aliwaambia atapita jioni ile? Safari hiyo kaka aliitaja nyumbani kwangu tu, akila, mume wangu yupo.

Jumatatu, 3 Mei
Mama Feza, muuza mikate wa Swima, amesema mbele ya wote. Ijumaa alimwona mume wangu Swima, na vijana wawili wenye bunduki. "Minamujua. Alikuwa na shati ya manjano."
Mume wangu: "Mi nililala Mboko. Muulize pasta."
Basi, hivyo tu. Nimemchukia yule mama na mdomo wake.

Jumanne, 4 Mei
Pasta wa Mboko amefika. Anaapa Ijumaa jioni alikula na mume wangu. Nimemshukuru Mungu.
Lakini ni rafiki yake tangu utoto. Na Mama Feza angepata nini kwa kutudanganya?

Jumatano, 5 Mei
Leo sombe, majani ya muhogo, bila samaki. Nimemwuliza baba mdogo, mvuvi, ndakala ziko wapi.
"Na hii mwezi? Mwezi ikiwaka hivi, taa haivute samaki. Mitumbwi yote ya kuvua iko inchi kavu tangu juma lililopita."
Nimetoka nje. Ijumaa mwezi ulikuwa mpevu. Nani alivua? Mimi, binti wa ziwa, nimemeza uongo ule pamoja na bukari, ugali wangu mwenyewe.
Habari ya kuvua aliniambia mimi peke yangu.

Alhamisi, 6 Mei
Sijamwuliza. Namwogopa. Labda alikuwa kwa mwanamke. Mungu wangu, iwe mwanamke.

Ijumaa, 7 Mei
Kikao cha ukoo. Vijana wetu wenye bunduki walisimama mlangoni. Ukoo ukisema ni yeye, wanamchukua leo leo. Baba mdogo akanigeukia: "Mama Riziki, siku bwana yako alirudi, alikuambia alilala wapi?"
Watoto wangu walikuwa uani, nawasikia.
Nikasema: kwa pasta.

Jumamosi, 8 Mei
Matanga yameisha. Mume wangu amepasua kuni, amewaogesha watoto. Nimempakulia. Mimi nimekula jikoni.
Alasiri wifi yangu, mjane wa kaka, amekuja, amenishika mikono. "Aksanti, wifi. Niliogopa aliyemuuza iko mutu wa nyumba." Amelia begani kwangu. Anasema sasa ataweza kulala.