Bakuli la Makaburi ya Chiola

Nachingwea, 3 Juni 1948

Shikamoo Mjomba Bashiri,
Mimi mzima, hofu ni kwenu huko Matambarale. Hapa kwa wapimaji wa mashamba ya karanga nimeona ramani: matrekta yatapita juu ya makaburi ya bibi zetu huko Chiola. Nilimweleza bwana mpimaji kuwa tumekaa pale tangu enzi za masultani wa Kilwa. Akacheka, akataka ushahidi. Naomba lile bakuli la kijani tunalotilia unga tukiwataja marehemu.
Mpwa wako, Shaibu

Matambarale, 11 Juni 1948

Marahaba mpwa wangu,
Tu wazima, ila magoti ya mama yako ni yale yale. Bakuli analo Ausi, dereva wa lori la ufuta. Lipokee kwa mikono miwili.
Mtu anadaiwa ushahidi wa kaburi la bibi yake! Mwambie huyo bwana kuwa wazee wetu walibeba pembe za ndovu hadi Kilwa, zikapakiwa kwenda Adeni na Hurumuzi ya Uajemi, na vyombo vikaja kwa njia hiyo hiyo. Bibi yetu wa enzi hizo alipewa shanga akazikataa, akachagua bakuli. Halijawahi kulala nje ya ukoo wa mama zetu.
Mjomba wako

Nachingwea, 29 Julai 1948

Shikamoo Mjomba,
Naona haya hata kuwajulia hali. Mpimaji alikiri bakuli ni la Uajemi, lina miaka mia saba. Kisha akasema, “Kitu kizuri hivi hakiwezi kuwa chenu. Mmekiokota.” Akalichukua. Jumatatu matrekta yalipita Chiola. Nimeacha kazi yao.
Nisamehe. Mpwa wako

Dar es Salaam, 2 Machi 1953

Shikamoo Mjomba,
Barua sita hujajibu, lakini hii lazima uisome. Nimeliona bakuli letu katika jumba la makumbusho mjini hapa, ndani ya kabati la kioo. Kikaratasi chake kinasema: “Limeokotwa porini Chiola, mahali pasipokaliwa na watu.”
Mpwa wako

Matambarale, 20 Machi 1953

Marahaba Shaibu,
Afya ipo, na hasira ipo. Nimekununia karibu miaka mitano, na aliyelitoa bakuli ni mimi mwenyewe. Hilo nimelimeza, na kinyongo kimekwisha.
Mama yako na mimi na wenzetu kumi na saba tunashuka Lindi kupanda meli. Tafuta pa kutulaza. Tutawataja marehemu wetu mbele ya hicho kioo, mmoja mmoja, kwa sauti, na hatutoki mpaka tumemaliza.
Mjomba wako