Uso wa Mama Mlangoni

Mjukuu wangu Zawadi,

Marahaba. Huku Itetemia sote wazima; kikohozi cha babu yako kimepungua na karanga tumeshavuna. Ahsante sana kwa kuiingiza picha ya mama yangu kwenye kompyuta. Unauliza kama uongeze mwanga kila penye giza.

Tulipigwa picha ile Lusu, mwaka tuliohamia kijiji cha ujamaa. Mimi nimesimama juani, mama yuko nyuma yangu mlangoni. Iliposafishwa, uso wake ulikuwa mweusi tu. Alipofariki, niliipeleka filamu kwa mpiga picha mmoja mjini Tabora, mzee wa kanzu, nikamwomba aumulike uso.

"Karatasi hii ya kuchapia picha ikipigwa na mwanga ndiyo inakuwa nyeusi, mwanangu," akasema. "Mama yako nitamkinga."

Akaniingiza chumba cha giza. Taa ya kuchapia ilipowaka, alishika spoki ya baiskeli yenye kipande cha kadibodi nchani, akakitikisatikisa juu ya uso wa mama kwenye karatasi, kuukinga na mwanga. Karatasi ilipozama kwenye dawa, yakatokea macho, kisha tabasamu. Nililia, naye akageukia ukutani mpaka nikamaliza. Hadi leo namwombea dua.

Basi uso ung'arishe utakavyo, lakini giza la mlango liache. Tulikuwa wote juani. Mama alirudi nyuma mwenyewe, ili gauni langu jipya lionekane vizuri.

Ni mimi bibi yako, mwenye gauni.